Jibu: Mbona Wakatalunya wanaadhimisha siku waliyoshindwa?

Salaam mkuu. Umekwama hapa: Septemba 11 Barcelona, mji mkuu wa Katalunya (jimbo la Hispania), ilianguka, sasa sherehe ya nini? Anza na kilichopotea. Mji ulizingirwa zaidi ya mwaka, majeshi ya Felipe V, mfalme wa Hispania, yakauteka 1714, kisha amri ya 1716 ikafuta bunge na taasisi za Katalunya. Kwa hiyo ni kumbukumbu kwanza, shangwe baadaye; watu huweka maua kwenye sanamu ya Rafael Casanova, kiongozi wa mji wakati huo. (Wengi hudhani alifia vitani. Alijeruhiwa tu, akafa 1743.) Franco, dikteta wa Hispania, aliipiga marufuku, bunge liliporudi likaifanya sikukuu rasmi, 1980. Na ukisikia watu wanangoja saa 11:14 jioni waanze kupaza sauti, usishangae: kwa hesabu yao ni 17:14, kama ule mwaka 1714.