Ukipima ozoni, anza na gesi yenyewe

Ninyi mnaoingia maabara kupima spektra za ozoni, yaani jinsi inavyofyonza mwanga wa kila urefu wa wimbi, najua kinachowavuta: ile bendi ya infraredi ya mikromita 10, yenye maelfu ya mistari ya ufyonzaji iliyosongamana. Inapendeza kweli. Ila nawasihi, kabla ya mistari, ijueni gesi.

Ozoni hainunuliwi kwenye mtungi. Unaitengeneza kwa kupitisha umeme ndani ya oksijeni, unaipoza kwa naitrojeni kimiminika hadi iwe kimiminika, kisha unaivuta oksijeni iliyobaki kwa pampu. Usikusanye zaidi ya unachohitaji. Kile kimiminika cha buluu iliyokoza hulipuka, hata mikononi mwa mzoefu. Tumia mabomba ya kioo na tefloni. Grisi ni marufuku.

Ukishaijaza kwenye seli, kile chombo ambacho mwanga hupita, saa inaanza kukimbia, kwa sababu ozoni huvunjika yenyewe, na kuta za chuma huharakisha. Geji ya kanieneo haitakuambia imebaki kiasi gani. Molekuli mbili za ozoni hutoa tatu za oksijeni, kwa hiyo namba inapanda huku unachokipima kinapungua! Ndiyo maana nasisitiza kupitisha mwanga wa urujuanimno wa taa ya zebaki, nanomita 253.65, ambao kufyonzwa kwake kunaonyesha ozoni iliyobaki, kwenye seli ileile, wakati uleule unaporekodi infraredi.

Na hapo pia andika ulitumia thamani gani ya ufyonzaji, yaani kiasi cha mwanga huo ambacho kila molekuli hufyonza. Kwa miongo mingi wengi walitegemea kipimo cha mtafiti Hearn cha mwaka 1961. Tathmini ya mwaka 2019 iliishusha kwa takribani asilimia 1.2. Vipimo vya urujuanimno na vya infraredi vimewahi kupishana kwa asilimia 4 hivi, na wanaopima ozoni ya angani kwa setilaiti wanarithi tofauti hiyo. Kwangu hili ni zito kuliko kuongeza uwezo wa kifaa kutenganisha mistari: kwenye joto la chumba, mwendo wa molekuli pekee unaupa mstari upana wa karibu 0.0018 cm⁻¹ (cm⁻¹ ni idadi ya mawimbi katika sentimita moja), na kifaa hakiwezi kuupunguza.

Katika kuitambua mistari, usichambue mtetemo wa 1,103 cm⁻¹ peke yake. Ule wa 1,042 uko jirani na huvurugana nao, kwa hiyo ikokotoe pamoja. Usishangae nusu ya ngazi za nishati za mzunguko wa molekuli kukosekana: kiini cha oksijeni-16, ile ya kawaida, hakina spini (mzunguko wa ndani wa kiini), na ulinganifu wa molekuli unazifuta. Weka atomi ya oksijeni-18, iliyo nzito zaidi, upande mmoja wa molekuli, zote zinarudi.