Kabla ya kutia kiongezi kwenye perovskaiti, tafuta mwanga unapopotelea

Wanafunzi wanaoanza kutengeneza diodi za mwanga (LED) za perovskaiti, yaani fuwele zenye ioni za metali ya risasi pamoja na bromidi au iodidi, huniuliza watie kiongezi gani, yaani kemikali gani ya ziada, kwenye myeyusho unaokauka kuwa utando wa fuwele hizo ili taa zao ziwake vizuri, nami huwauliza kwanza mwanga wao unapotelea wapi. Kemikali iliyoleta matokeo mazuri katika maabara nyingine haitakusaidia iwapo utando wako una kasoro ya aina nyingine.

Kikundi cha Richard Friend cha Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoonyesha diodi hizi mwaka 2014, hata asilimia 1 ya elektroni zilizoingizwa haikugeuka kuwa fotoni (chembe za mwanga) zilizotoka nje. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti wa China yalivuka asilimia 20, yote kwa msaada wa viongezi, lakini kwa njia tofauti kabisa. Moja lilitia asidi ya amino, fuwele zikakua zikiwa zimetengana, na mwanga ambao kwa kawaida hunaswa ndani ya utando ukapata njia ya kutokea. La pili lilichanganya bromidi ya methilamonia na perovskaiti ya sizi, ikafanya ganda juu ya fuwele na kuziba kasoro zilizo kwenye nyuso zake.

Kasoro inayosumbua zaidi ni ioni ya risasi iliyokosa jirani yake wa bromidi au iodidi, kwa sababu elektroni hunaswa hapo na nishati yake kuishia kuwa joto. Kwa kasoro hiyo tafuta molekuli yenye oksijeni au naitrojeni inayoweza kuiazima risasi jozi ya elektroni, kama vile oksaidi za fosfini au amini. Hata hivyo, kuwa na kundi la atomu linalofaa hakutoshi. Watafiti wa Linköping, Uswidi, walionyesha mwaka 2019 kwamba atomu za oksijeni zikiwekwa mahali panapofaa katika mnyororo wa amini hudhoofisha uwezo wa amini hiyo kufunga bondi za haidrojeni na perovskaiti, na hivyo kuiacha huru zaidi kushika kasoro. Ufanisi ulifika asilimia 21.6. Kwangu mimi hilo ndilo somo lenye thamani kuliko yote katika fani hii, kwani linatufundisha kuibuni molekuli badala ya kuibahatisha.

Kuhusu kipimo cha kiongezi, andaa myeyusho wake pembeni, uongeze kidogo kidogo kwa uwiano wa moli dhidi ya risasi, na kila mara utengeneze utando usio na kiongezi siku hiyo hiyo, kwa myeyusho ule ule wa msingi. Nimeona mara nyingi utando ukizidi kung'aa chini ya taa ya urujuanimno kadiri kiongezi kinavyoongezwa, kisha diodi iliyotengenezwa kwa utando huo huo ikahitaji volti nyingi zaidi na kutoa mwanga hafifu. Molekuli za kiongezi zenye minyororo mirefu ya kaboni hazipitishi umeme, kwa hiyo zile zilizobaki kati ya fuwele huzuia elektroni na mashimo (nafasi zenye chaji chanya zilizokosa elektroni) kukutana. Kwa hiyo pima mng'ao wa utando na mkondo wa diodi kwa pamoja, na uchague kipimo kinachovitosheleza vyote viwili, hata kama si kile kinachong'aa zaidi.

Angalia pia rangi. Kiongezi cha bromidi ya fenilethilamonia kikizidi, mwanga wa kijani huanza kuelekea bluu kwa sababu perovskaiti inagawanyika kuwa tabaka nyembamba. Hapo umekwisha kutengeneza maada nyingine, na si haki kulinganisha matokeo yake na ya awali ukidai umeziba kasoro.

Mwisho, kausha kiongezi kabla ya kukiyeyusha, maana chumvi nyingi za amonia hufyonza unyevu hewani, na maji hayo yatabadilisha ukuaji wa fuwele kabla hujajua kiongezi chenyewe kimefanya nini. Halafu iache diodi iwake kwa mkondo usiobadilika na uandike muda inaochukua hadi mwanga upungue kwa nusu, kwa kuwa ioni husafiri ndani ya perovskaiti umeme unapopita, na kiongezi kisichozizuia kinaweza kukupa ufanisi wa kupendeza katika diodi inayofifia kabla hujamaliza kuipima.