Hata mvua ya mchezo tunailipia?

SWALI: Yaya, binti yangu ana miaka 14 na anacheza The Sims 4, mchezo wa kuendesha maisha ya familia za kubuni, kwenye kompyuta ya mjomba wake. Mchezo wenyewe aliupata bure, nikafurahi. Sasa haishi kuomba: mara anataka mbwa, mara mvua, mara farasi, na kila kitu kina bei yake ya dola. Nikimwambia angoje, ananijibu kwamba wenzake wanavyo. Huku kwetu dola 40 ni pesa ya bunga na makala ya kupikia kwa siku nyingi. Je, biashara hiyo ina mwisho? Na nikikubali kununua kimoja, nichague kipi?
— Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, mwisho haupo, na binti yako hana kosa kwa kuomba. Mchezo umepangwa hivyo. Tangu tarehe 18 Oktoba 2022 The Sims 4 yenyewe inapakuliwa bure. Kinacholipiwa ni nyongeza, yaani vitu vinavyoongezwa juu ya mchezo. Bei ya kawaida ya zile kubwa ni dola 39.99, za kati 19.99, ndogo 9.99, na tangu 2021 kuna vifurushi vidogo kabisa vya dola 4.99, pengine nguo tu au viti tu. Ukizinunua zote kwa bei kamili unapita dola 1,000. Kwa mchezo mmoja!

Mimi nacheza michezo hii tangu niko shule hapa Kamalondo, na sioni ubaya kulipia kazi ya watu. Waliochora nyumba zile wana watoto wa kulisha. Kinachonikasirisha ni kukatakata. Angalia wanyama. The Sims 3, mchezo uliotangulia huu, ilipotoa nyongeza yao mwaka 2011, mchezaji wa kompyuta alipata mbwa, paka na farasi kwa malipo ya mara moja. Kwenye The Sims 4, mbwa na paka walikuja Novemba 2017. Farasi wakangojewa hadi Julai 2023, ndani ya nyongeza nyingine kubwa. Katikati, Machi 2018, iliuzwa nyongeza ndogo ambayo nguo zake za mbwa na paka hazina kazi kama hukununua kwanza ile ya 2017. Wachezaji walipiga kelele, na walikuwa na haki.

Mvua ndiyo inaniuma zaidi. Iliuzwa 2007 kwa The Sims 2, ikauzwa 2012 kwa The Sims 3, ikauzwa tena 2018 kwa The Sims 4. Sisi tunaokula vumbi la kiangazi tukingoja mvua za Novemba tunajua mji usionyeshewa ni mji wa namna gani.

Hata hivyo kelele husaidia. Mwaka 2014 mchezo huu ulitoka bila mabwawa ya kuogelea wala watoto wadogo wanaojifunza kutembea. Watu walilalamika, mabwawa yakaletwa bure Novemba ile ile, watoto Januari 2017. Hivyo binti yako anavyo tayari.

Sasa la kununua. Achana na wenzake. Kaa naye jioni umeme ukiwepo, akuonyeshe familia zake, uone ni kitu gani anakirudia kila siku. Kama hana anachokipenda kupita kingine, mchukulie Seasons, ile ya mvua: majira yanagusa kila familia na kila mji, wakati nyongeza nyingi zinamfungulia mji mmoja atakaouchoka. Usilipe bei kamili. Punguzo hutokea mara nyingi ndani ya mwaka, na huweza kufika nusu ya bei. Kadi ya benki usiiache imehifadhiwa kwenye akaunti yake. Lipa, kisha uiondoe. Soma pia maelezo uone kama kinachouzwa kinadai nyongeza nyingine.

Na akishikilia farasi, mnunulie Horse Ranch peke yake. Haihitaji ile ya mbwa na paka, hata wenzake wakimwambia nini.