Mke wako hajui Jim Reeves? Mpeleke tu

Kitale, Jumapili jioni

Mwanangu Wekesa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mkeo Nasimiyu ana dada atakayekaa na watoto wikendi moja mwezi ujao, na wewe unataka mwende Nashville, mji wa muziki wa kantri, kama tulivyokwenda mimi na baba yako tulipokuja huko Louisville kumpokea mtoto. Halafu ukaniuliza: "Mama, Nasimiyu hajui hata wimbo mmoja wa kantri, hata wa Jim Reeves. Anasema ni muziki wa wazungu wenye kofia. Si nimpeleke mahali pengine tu?"

Mpeleke Nashville. Ila usianze pale tulipoanzia sisi.

Unakumbuka basi letu la saa moja asubuhi lilitoka saa tatu, na dereva hata pole hakusema. Kilichotuokoa ni kwamba saa za Nashville ziko nyuma ya zenu kwa saa moja, basi tukashuka saa tano za kwao, tukajiona tumerudishiwa nusu ya tulichoibiwa. Tukaacha mizigo hotelini tukakimbilia Broadway, kwa sababu kila mtu alikuwa ametuambia Broadway, Broadway.

Mtaa ule unapanda kutoka mto Cumberland, na baa za muziki, wenyewe wanaziita honky-tonk, zimebanana kama vibanda vya soko siku ya mnada. Baa nyingine ina bendi kila ghorofa. Madirisha yote wazi. Ukisimama barabarani unasikia nyimbo tatu kwa mpigo na huambulii hata mmoja. Nyingi kuingia ni bure, lakini wanamuziki wanaishi kwa bakshishi, kwa hiyo ndoo ikipitishwa usijifanye unatafuta simu. Kijana aliyetuletea ndoo alikuwa amefunga plasta vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nikamuuliza kaumia wapi. Akacheka, akasema ni nyuzi za gitaa. Alikuwa kwenye zamu ya pili tangu asubuhi, baa mbili tofauti. Nikampa dola kumi, baba yako akanitazama.

Yeye lakini hana la kusema, maana ndiye aliyeniingiza duka la buti. Mlangoni pameandikwa: nunua pea moja, chukua mbili bure. Mwalimu wa hesabu mzima akapiga hesabu pale pale mlangoni, akaona ni haki. Hiyo pea moja ilikuwa bei ya ndama. Tukatoka na pea tatu, mbili zangu na moja yake, na mimi kwa ushamba wangu nikavaa zangu papo hapo. Kufika jioni nilikuwa na malengelenge visigino vyote viwili. Siku ya kwanza ikaishia hapo, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Kwa hiyo Broadway ipe saa moja, mchana, kisha mtoke. Jumamosi asubuhi nendeni Ryman, hatua chache tu kutoka kwenye hizo kelele. Hilo jengo lilikuwa nyumba ya ibada. Nahodha wa meli za mtoni, Thomas Ryman, alikwenda kumsikiliza mhubiri Sam Jones, akaokoka, akasimamia ujenzi wake, likakamilika mwaka 1892. Baadaye, kuanzia 1943 hadi 1974, ndipo palipokuwa nyumbani kwa Grand Ole Opry, onyesho la muziki wa kantri la redioni. Mabenchi ya kanisa bado yapo, marefu, mbao zimeng'aa kwa makalio ya watu. Baba yako alivua kofia bila kuambiwa. Tukakaa tu. Nafikiri tulikaa karibu saa nzima, na ndiyo saa niliyoipenda zaidi mjini.

Usiku ule mwende Opry yenyewe, ambayo sasa iko nje kidogo ya katikati ya mji, na nitakwambia kwa nini inamfaa mtu kama Nasimiyu. Ile ni redio. Ilianza Novemba 1925 katika kituo cha WSM, kilichokuwa cha kampuni ya bima, na mpaka leo inarushwa hewani mbele ya watu. Msanii anaingia, anaimba nyimbo mbili tatu, anatoka, mtangazaji anasoma tangazo la biashara, anaingia mwingine. Kwa hiyo kama huyu hakumpendeza, asubiri dakika kumi. Atapata mzee wa fidla, atapata binti aliyeanza juzi, atapata mchekeshaji. Mwonyeshe duara la mbao katikati ya jukwaa: lilikatwa kutoka jukwaa la Ryman walipohama mwaka 1974. Mafuriko ya Mei 2010 yalizamisha jukwaa zima, wakalitoa lile duara, wakalikarabati, wakalirudisha pale pale. Wasanii wakubwa wakifika hapo miguu inawatetemeka, nimewaona kwa macho yangu.

Na mwambie asikilize maneno, zile kofia azisahau. Mtu yuko mbali na kwao kwa ajili ya kazi. Mama anaumwa. Shamba lina deni la benki. Mume amerudi usiku wa manane na uongo wake mfukoni. Kuna lipi hapo ambalo halipo huku kwetu Kiminini?

Hilo la muziki wa wazungu nalo nimelicheka, kwa sababu hata baba yako alidhani hivyo. Miaka mingi alimsikia mwimbaji Charley Pride redioni akijua ni mzungu, mpaka siku aliposhika jalada la santuri yake akaona uso wa mtu mweusi kama yeye. Aliwaita majirani waje kutazama! Huyo ni mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi, na mwaka 2000 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki huo. Kabla yake alikuwepo DeFord Bailey, mpiga harmonika aliyeiga garimoshi mpaka ungetafuta reli. Alikuwa nyota wa Opry tangu miaka ya mwanzo, lakini safarini hoteli walizolala wenzake hazikumpokea. Mwaka 1941 wakamwachisha, akaenda kung'arisha viatu vya watu. Heshima ya ukumbi ule aliipata 2005, akiwa kaburini miaka 23. Na banjo yenyewe, chombo cha nyuzi cha muziki huo, babu yake ni vyombo vya Afrika Magharibi, vilivyokuja na watumwa. Hayo yote yanaonekana kwenye jumba la makumbusho la ukumbi huo, pale Nashville, ila msimalize siku nzima humo, mtachoka kusoma vibao.

Kule kule makumbusho kuna basi la kwenda Studio B ya RCA, kampuni ya santuri, iliyofunguliwa 1957. Hiyo iachie Jumapili. Ni chumba kisichopita darasa kubwa. Jim Reeves alirekodi humo, mdomo karibu na maikrofoni, sauti ameishusha kama anayemwambia mtu siri. Tulipoingia, baba yako, ambaye tangu tufunge ndoa hajawahi kuniimbia hata wimbo wa kanisani, akanishika kiwiko akanong'ona mstari mmoja sikioni. Mmoja tu. Usimwulize ni upi, atakana.

Mahali tulipopakosa ni Bluebird Cafe, ambako watunzi wa nyimbo hukaa katikati ya ukumbi na kueleza wimbo ulivyozaliwa, na wasikilizaji hawaruhusiwi kupiga soga. Viti ni kama 90 tu na tikiti huisha haraka, kwa hiyo ukisoma hii barua anza na hilo.

Kuku wao wa pilipili uonje, lakini anza na ule mpole. Baba yako alitaka ubingwa, akanywa maziwa lita nzima.

Pea yangu ya pili ya buti niliiacha kwako, chini ya kitanda cha chumba cha wageni, ndani ya boksi. Sijaivaa hata siku moja. Namba yake ni 8. Mwambie Nasimiyu aijaribu wiki hii, aizungukie nayo nyumbani akipika, ilainike kabla ya safari.

Mama yako