Dirisha la Dawa: Nyayo zinazowaka moto usiku

Barua za mwezi huu karibu zote ni za ganzi, moto na shoti, yaani maumivu ya neva, nami nimechagua nne. Majina nimeyaficha. – Mfamasia wenu, Tanga

*Shikamoo Mama Mfamasia. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari cha siku nyingi na anatumia metformini. Tangu mwaka jana nyayo zinamwaka moto usiku. Shuka likimgusa tu anaruka, kwa hiyo analala ameshusha miguu kwenye sakafu ya saruji ipate ubaridi. Tumempa diklofenaki na parasetamoli, amechomwa sindano za vitamini, wapi! Hospitali wakamwandikia amitriptilini 25 mg. Kuangalia mtandaoni nikakuta ni dawa ya sonona, nikaona wamemdharau, eti anajisingizia. Alimeza siku nne, mchana kutwa anasinzia, nikamwachisha. Nimnunulie dawa gani? – Binti, Muheza*

Marahaba mwanangu. Hawakumdharau mama. Walimpa dawa ambayo hata mimi ningeanza nayo.

Mtu akijikwaa, neva hupeleka habari kwamba kidole kimeumia, na diklofenaki hutuliza uvimbe wa hapo palipoumia. Kwenye nyayo za mama hapana palipoumia. Sukari ya miaka mingi imeziharibu neva zenyewe, sasa zinalia ovyo kama kengele ya mlangoni na nje hakuna mtu. Diklofenaki haina cha kutuliza hapo, na figo za mgonjwa wa kisukari inaweza kuziumiza. Iacheni.

Amitriptilini ni ya tangu 1961, na kweli ilianza kama dawa ya sonona. Baadaye ikaonekana inapunguza maumivu ya neva hata kwa mtu ambaye hana sonona, tena kwa dozi ndogo kuliko ile ya sonona. Kilichowaharibia ninyi ni mwanzo. Miligramu 25 kwa mkupuo, kwa mama wa umri ule, zinalewesha, na nahisi alikuwa akimeza saa nne au saa tano usiku akienda kulala. Mrudishe kwa daktari, mwombe aanze na 10 mg, au nusu ya kidonge hicho cha 25. Ameze saa moja au saa mbili usiku, usingizi umkute kitandani na asubuhi uwe umemtoka. Daktari atakuwa anapandisha kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili. Siku nne hazitoshi kuihukumu dawa hii. Ipe wiki nne hadi sita. Kinywa kitamkauka na choo kinaweza kuwa kigumu. Akiamka usiku kwenda msalani, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, maana dawa hii huweza kushusha presha mtu anapoinuka, na nyonga ikivunjika umri huo ni balaa. Kama ana ugonjwa wa moyo au presha ya macho, daktari aambiwe kabla, atachagua nyingine.

Hizo nyingine ni gabapentini, pregabalini na duloksetini. Watu wanakuja hapa dirishani kuulizia pregabalini kwa jina, wakiamini dawa ya bei kubwa ndiyo yenye nguvu. Mwaka 2022 Waingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa 130 wenye shida kama ya mama yako, waliozungushwa kwa zamu kwenye njia tatu: moja ikianza na amitriptilini, nyingine duloksetini, nyingine pregabalini, na ambaye hakutosheka akaongezewa dawa ya pili. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, walianza wakiwa na maumivu ya 6.6. Baada ya wiki 16 njia zote tatu ziliwafikisha 3.3. Zote! Tofauti ilikuwa kwenye usumbufu: pregabalini ilileta zaidi kizunguzungu, duloksetini kichefuchefu, amitriptilini ukavu wa kinywa. Sasa wewe na mfuko wako mpige hesabu. Na muone pia kwamba hakuna aliyeahidiwa sifuri. Mama akilala usiku kucha shuka likiwa miguuni, dawa imefanya kazi yake.

Sindano za vitamini nazo zina mahali pake. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo peke yake huleta ganzi na moto wa miguu. Ombeni kipimo. Ikiwa imepungua, sindano za B12 ndiyo tiba ya upungufu huo. Ikiwa haijapungua, ni pesa zinazopotea, na zile zilizochanganywa na B6 zikiendelea muda mrefu kwa dozi kubwa, B6 hiyo hiyo huharibu neva.

Mwisho, msimkande miguu kwa maji ya moto na chumvi. Mguu wenye ganzi haujui maji yamefika wapi, na nimeona ngozi ya unyayo ikibabuka yote huku mgonjwa akisema amesikia raha. Kila jioni mpe kioo kidogo aangalie chini ya nyayo na katikati ya vidole.

*Habari za kazi dada. Mimi ni dereva wa matatu. Diski ya kiuno imebana neva, maumivu yanashuka kutoka makalioni hadi kisigino, mwezi wa nne huu. Kaka yangu yuko Minnesota, anasema Marekani imetoka dawa mpya ya maumivu isiyolevya na anaweza kunitumia. Ni kweli? – Dereva, Mombasa*

Nzuri kaka, pole na safari. Ni kweli, dawa ipo. Inaitwa suzetrijini, jina la dukani Journavx, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha tarehe 30 Januari 2025.

Habari yake ni tamu, acha niisimulie kidogo. Ujumbe wa maumivu husafiri kwenye neva kwa kufunguka kwa vijilango vya sodiamu, navyo viko vya aina kadhaa, vimepewa namba. Mwaka 2006 watafiti waliandika kuhusu watoto wa kaskazini mwa Pakistan ambao hawakuwahi kusikia maumivu tangu kuzaliwa. Mmoja wao alikuwa akijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa barabarani ili watazamaji wamlipe. Ikagundulika kwamba kijilango chao namba 1.7 hakifanyi kazi. Kuanzia hapo makampuni yakakimbilia vijilango. Namba 1.7 imewasumbua hadi leo. Suzetrijini inafunga jirani yake, 1.8, ambacho kipo kwenye neva za maumivu huko mwilini na si kwenye ubongo, ndiyo maana hailevyi wala haina uraibu wa jamii ya mofini.

Lakini wewe usinunue. Imeruhusiwa kwa maumivu ya ghafla, kama baada ya upasuaji, na haijapimwa kwa maumivu hayo kupita siku 14. Na ugonjwa wako hasa, neva iliyobanwa kiunoni, walishaujaribu. Matokeo yakatangazwa Desemba 2024: waliomeza suzetrijini maumivu yalishuka kwa pointi 2.02, waliomeza kidonge kisicho na dawa yakashuka kwa 1.98. Tofauti hiyo hata mwenye mguu hawezi kuisikia. Kwa neva zilizoharibiwa na kisukari dalili za mwanzo zilikuwa nzuri zaidi, na majaribio makubwa yakaanzishwa. Halafu bei: ilitoka kwa dola 15.50 kidonge kimoja, viwili kwa siku. Kaka yako atafanya kazi kwa ajili ya kiuno chako! Na ni dawa ya cheti, si ya kutiwa kwenye begi la mgeni anayekuja likizo.

Kabla hujaniuliza pregabalini: Waaustralia waliipima kwa wagonjwa 209 wa mguu kama huu wako, wakachapisha 2017, haikushinda kidonge bandia, ila ilizidisha kizunguzungu. Dereva mwenye kizunguzungu simtaki barabarani. Wengi wenye tatizo lako hupata nafuu bila kisu, ila ni kwa miezi, si kwa siku. Muone mtu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi, usilale kitandani kutwa, na gari likifika steji shuka utembee badala ya kukaa kwenye usukani ukisubiri lijae. Ikitokea mkojo au choo kukutoka bila habari, ganzi sehemu unazokalia, au wayo unaburuzika ukitembea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

*Assalaam alaykum. Nimeng'olewa meno mawili kulia na bado shoti inanipiga shavuni nikinawa uso, nikipiga mswaki, hata upepo ukinipiga. Inakaa sekunde kadhaa, inaondoka, inarudi. Wanataka kung'oa la tatu. – Mama, Unguja*

Wa alaykum salaam mama yangu. Jino hilo usiwape, angalau kwanza. Maumivu ya jino hupwita kwa saa nyingi. Shoti ya sekunde inayowashwa na kuguswa shavu, mara nyingi ni neva ya uso. Hapa amitriptilini si ya kwanza. Ya kwanza ni karbamazepini, dawa ya zamani ya kifafa, kwa kawaida 100 mg asubuhi na jioni, ikipanda taratibu chini ya daktari, na kwa wengi nafuu huanza ndani ya siku chache. Ukitokwa na vipele au vidonda mdomoni, acha dawa na ukimbilie hospitali usiku ule ule. Kama kuna binti nyumbani anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango asije akazionja zako, maana hudhoofisha kinga hiyo. Mwombe daktari na picha ya kichwa. Wakati mwingine ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva, na upasuaji wake upo.

*Niko mwezi wa tatu wa dawa za TB, vidole vya miguu vinachomachoma. Niache dawa? – Kijana, Korogwe*

Usiache hata dozi moja. Ndani ya dawa hizo mna isoniazidi, nayo humaliza vitamini B6. Rudi kliniki yako ya TB uwaonyeshe miguu, uwaulize kama umeandikiwa piridoksini, ndiyo B6 yenyewe. Wakikupa, meza dozi waliyoandika wao, usijiongezee. Kama unakunywa pombe, waambie, kwa sababu nayo inakula neva hizo hizo.