Mkazi wa kawaida anaingiaje katika harakati za tabianchi? Niliyojifunza nikiwa katibu wa kikundi cha mikoko

Ndugu yetu aliyeuliza anasema anaishi katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, hana taaluma ya sayansi wala fedha za kutoa, na amechoka kuitwa mara moja kwa mwaka apande mti kisha arudi nyumbani. Anataka kujua mkazi wa aina yake aingie wapi ili neno lake kuhusu tabianchi liwe na uzito. Nimekuwa katibu wa kikundi cha kuhifadhi mikoko katika kijiji chetu cha ufuoni kwa miaka saba, na jibu langu ni kwamba aende pale maamuzi yanapofanyika, aende na wenzake, na waende na maandishi. Kupanda miti ni jambo jema, nami nitaanza nalo kwa sababu ndilo lililonifikisha kwenye haya mengine.

Mwaka wetu wa kwanza tulitembelewa na wafadhili waliotuletea miche ya mkoko, fulana na bango, tukapanda asubuhi nzima kwenye tope lililo wazi mbele ya ghuba. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa palikuwa peupe na gari lingeweza kufika karibu. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hutega malema yake jirani na hapo, alitwambia siku ile ile kwamba pale si mahali pa mkoko, ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa msitu huo huo wa mikoko, na kwamba maji ya bamvua, yaani yale makuu yanayojaa kuliko kawaida, yangeifunika miche ile kwa saa nyingi kuliko inavyoweza kustahimili. Tulimwitikia kwa heshima, tukaendelea kupanda. Miezi michache baadaye nilirudi na daftari kuhesabu. Shina la kila mche lilikuwa limevikwa vijidudu vyeupe vya magamba, kama vile vinavyoshika tumbo la mtumbwi ulioachwa majini muda mrefu, na majani mawili ya juu yalikuwa yamelemewa na mwani. Niliponyoosha mkono kuugusa mche wa kwanza, uliinuka na kutoka bila mimi kuuvuta, mizizi ikiwa haijaota. Katika mstari mzima nilioufuata, miche iliyokuwa hai haikuzidi vidole vya mkono mmoja.

Tulimwendea yule mzee tukamwomba radhi, kisha tukamwomba atufundishe. Alitutembeza siku mbili maji yakiwa yametoka, akatuonyesha jinsi mlilana unavyosimama mbele ukipokea mawimbi, mkoko ukafuata kandokando ya mikono ya bahari, mkandaa ukaja nyuma kwenye udongo mgumu zaidi, na mchu ukavumilia chumvi hata pale ambapo maji hufika mara chache kwa mwezi. Jambo kubwa zaidi alilotuonyesha ni kwamba sehemu moja ya msitu haikuhitaji kupandwa hata kidogo. Ilikuwa imekufa kwa sababu mfereji uliokuwa ukiingiza maji ya bahari ulizibwa na udongo. Tuliuzibua kwa majembe na ndoo, kazi ya wiki tatu, na mbegu zikaja zenyewe na maji. Leo miche iliyoota hapo bila mkono wa mtu ni mingi kuliko yote tuliyowahi kuipanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukialikwa kupanda, nenda, lakini uliza kwanza ni aina gani, kwa nini mahali hapo, nani atahesabu baada ya mwaka, na ni nini kilichoua miti iliyokuwapo. Swali hilo la mwisho ndilo lililotutoa ufuoni. Udongo ulioziba mfereji wetu haukutoka baharini. Uliteremka na mvua kutoka juu. Hilo si geni katika pwani yetu. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi kwenye mkono wa bahari wa Mwache, Mombasa, na mikoko mingi ikafa kwa kufukiwa mizizi yake. Kadiri mvua kubwa zinavyozidi kuwa kali, kama tulivyoona mwishoni mwa 2023 na tena katika masika ya 2024, hatari hiyo inaongezeka. Kwetu sisi chanzo kilikuwa barabara ya vumbi iliyochongwa upya, ambayo mitaro yake ilielekezwa moja kwa moja kwenye kijito chetu. Hakuna idadi ya miche ambayo ingeshinda mitaro ile.

Tulilisema jambo hilo katika baraza la chifu mara mbili. Watu walikubali kwa sauti, likaandikwa sijui wapi, na mvua iliyofuata ikashusha udongo mwingine. Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, akatueleza kwamba barabara na mitaro haviamuliwi barazani. Vinaamuliwa katika bajeti ya kaunti, nayo bajeti ina kalenda iliyo ndani ya sheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Wananchi wana haki ya kushirikishwa. Anayekuja na ombi lake mwezi wa Juni, hata liwe la haki kiasi gani, anakuta fedha zimekwisha kugawanywa.

Tuliandika barua ya kuomba nakala ya mchoro wa barabara na makadirio yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa wa umma ajibu ndani ya siku 21, na anayenyimwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya kwanza haikujibiwa. Katika ya pili tuliitaja sheria, tukaweka tarehe ya barua ya kwanza, na nakala ikaletwa. Kisha tukaandaa waraka wa kurasa mbili tu: tatizo katika aya moja, picha nne zenye tarehe, ramani aliyoichora kwa mkono mwanafunzi wa sekondari, ombi letu, na sahihi za wakazi pamoja na alama za vidole za wasioandika. Tulitoa nakala mbili. Moja tuliiacha katika ofisi husika, na nyingine tulisubiri mpaka ikapigwa muhuri wa kupokewa. Msiondoke bila muhuri huo. Siku ya kikao cha wananchi tulikuwa zaidi ya thelathini, tukiwa tumekubaliana nani atasema na kwa dakika ngapi, na aliyesema aliinua nakala yenye muhuri akaomba iingizwe katika ripoti ya kikao. Katika makadirio yaliyofuata kifungu chetu kilikuwamo. Hatukupewa yote tuliyoomba, lakini mtaro mmoja ulielekezwa upya na vikapu vya waya vilivyojazwa mawe vikawekwa kwenye mteremko. Udongo umepungua; upungufu huo huonekana kwa macho kwenye rangi ya kijito baada ya mvua.

Najua wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la barabara, si harakati za tabianchi. Siwezi kukubaliana nao. Mikoko huhifadhi kaboni nyingi, ile ambayo ikiwa hewani huongeza joto la dunia, hasa katika udongo ulio chini ya mizizi yake, na huvunja nguvu ya mawimbi mbele ya nyumba zetu. Anayeulinda msitu huo dhidi ya mtaro mbaya anafanya kazi ile ile inayozungumzwa katika mikutano ya kimataifa, ila yeye anaifanya akiwa na matope magotini.

Wale wanaohitaji mfano mkubwa zaidi wa jamii kujipanga waende Gazi, kaunti ya Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda takriban hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013 na kuuza hati za kaboni, yaani kulipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa. Mapato yameingia katika maji ya kijiji na vifaa vya shule, na wanakijiji wenyewe hukutana kuamua yatumikeje. Vanga na majirani zake wamefuata njia hiyo kwenye eneo kubwa zaidi. Tulipowatembelea Gazi, kilichonigusa kuliko msitu ni jinsi mama mmoja asiye na cheo chochote alivyoweza kunieleza fedha za mwaka uliotangulia zilikwenda wapi. Nasaha hii ni kwa vikundi vyote: bandikeni hesabu zenu ukutani, dukani au karibu na msikiti, kila mwezi. Kikundi chetu kiliwahi kukaribia kuvunjika kwa sababu ya fedha ndogo isiyo na risiti, na walioondoka wakati ule hawajarudi wote.

Sasa nizungumzie mapambano makubwa, maana muulizaji ametaja pia miradi inayochafua hewa. Mfano wetu sote wa pwani ni Lamu. Kulikuwa na mpango wa kujenga Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye uwezo wa megawati 1,050, si mbali na mji wa kale ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Wakazi, kupitia muungano wa Save Lamu, walikata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ile ikafutwa. Sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanyika ilitangulia utafiti, kwa hiyo wakazi hawakupata nafasi ya kutoa maoni juu ya matokeo yenyewe ya tathmini ya athari za mazingira. Mahakama iliona pia kwamba suala la tabianchi halikuzingatiwa inavyotakiwa na sheria. Huwaomba vijana wetu wautafakari ushindi huo kwa makini. Maandamano na mabango yalisaidia sana kuamsha nchi, lakini mbele ya mahakama swali lilikuwa nani aliitwa mkutanoni, lini, na alionyeshwa nini. Mambo hayo huthibitishwa na watu waliohudhuria wakaandika.

Kwa hiyo unaposikia tangazo la mradi mkubwa redioni au gazetini, jua kwamba saa imeanza kuhesabu. Iombeni ripoti ya tathmini, igawaneni sura kwa sura, mpeni kila mtu sehemu anayoifahamu: mvuvi asome ya uvuvi, muuguzi asome ya afya. Pelekeni maoni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Leseni ikitolewa na hamkuridhika, rufaa huwa na muda wa siku 60, na siku hizo huisha upesi kwa kikundi ambacho hakijamjua hata wakili mmoja. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 70, inamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Na kwa kuwa wapo wanaharakati waliotishwa kwa kazi hii, msimwache mtu mmoja awe sauti pekee. Barua zitoke kwa jina la kikundi, na kwenye ofisi yoyote muende wawili au zaidi.

Njia nyingine ambayo wengi hawaijui ni kamati za wadi za kupanga mambo ya tabianchi. Kaunti ya Makueni ilitangulia mwaka 2015 kwa kuweka kanuni za mfuko wa kaunti wa tabianchi, na sasa mpango wa taifa wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii, unaoitwa FLLoCA, umeueneza utaratibu huo katika kaunti nyingine. Kamati hizi huchaguliwa na wakazi na hupendekeza miradi kama mabwawa, visima na hifadhi ya misitu. Uliza kwa msimamizi wa wadi yako wajumbe ni akina nani na uchaguzi wao ni lini. Kama u kijana au mwanamke, usingoje kubembelezwa, gombea. Kwetu mjumbe aliyefanya kazi kuliko wote ni muuza samaki, ambaye alilazimisha mikutano ihamishwe kutoka asubuhi hadi alasiri, baada ya samaki kuuzwa, na tangu siku ile idadi ya wanawake wanaohudhuria imekuwa kubwa kuliko ya wanaume.

Ndugu zetu wa Tanzania wanao mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mtu mzima na hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Jinsi ya kuutumia haina tofauti: ajenda ipelekwe mapema kwa maandishi, na kumbukumbu ziombwe baadaye.

Kwa muulizaji, wiki hii tafuta kikundi kilichopo kabla ya kuunda kipya. BMU ya wavuvi, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, chama cha jamii cha msitu au kikundi cha kina mama tayari wana usajili, akaunti na watu wanaojuana. Jitolee kazi ambayo wengi huikwepa, yaani kuandika kumbukumbu. Nunua daftari la jalada gumu, andika tarehe, majina ya waliohudhuria, kilichoamuliwa na aliyekabidhiwa, kisha soma kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Na barua ya kuomba mpango wa maendeleo wa kaunti yako iandike sasa, maana ukiondoa siku 21 za kungoja jibu, na nyingine kama hizo iwapo barua ya kwanza itanyamaziwa, muda uliobaki kabla ya kikao kinachofuata si mrefu.