Sampu ya oili: kazi iko kwenye kusafisha, si kwenye silikoni

Gari likiacha doa la oili chini, jibu la haraka gereji ni "sampu inavuja, tuifungue". Kabla hujakubali, hakikisha. Sampu, yaani beseni la bati linalotunza oili, ndiyo sehemu ya chini kabisa ya injini, kwa hiyo kila kinachovuja juu huishia hapo. Kwenye Corolla 110 ya injini ya 5A, ambayo imejaa Mtwara na Lindi, oili hutoka pia kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye oringi ya distribyuta, kwenye swichi ya taa ya oili, na kwenye sili za krenki (shafti kuu ya injini). Ikidondoka pale injini inapokutana na gia boksi, huenda ni sili ya nyuma ya krenki. Hapo hata ufunge sampu mara tatu, doa halitaondoka.

Kipimo ni rahisi. Osha injini chini na pembeni kwa mafuta ya taa na brashi, suuza kwa maji ya sabuni, acha ikauke. Paka poda ya mtoto kwenye maungio ya sampu na bloku (mwili wa injini), kisha endesha, tuseme kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi. Ingia chini na tochi. Mahali poda ilipolowa kwanza ndipo panapovuja. Kama mchirizi unaanzia juu ya maungio, ufuate huko juu.

Huku kwetu sampu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni chumvi ya bahari: gari linalolala Shangani au karibu na ufukwe wa Lindi huota kutu chini, na sampu ya bati hutoboka taratibu, hasa kwenye kona na kuzunguka nati ya kumwagia oili. Ya pili ni njia za mashambani msimu wa korosho, visiki na mawe. Sampu iliyogongwa na kubonyea si suala la sura tu. Mdomo wa streina (chujio) ya pampu ya oili umekaa karibu sana na sakafu ya sampu. Bati likipanda juu huuziba, pampu haivuti oili ya kutosha, na beringi za krenki zinaanza kuliwa wakati stiki ya kupimia inaonyesha oili imejaa.

Vifaa: soketi namba 10 na 14, racheti ndogo, ekistensheni, jeki na stendi mbili, beseni la lita 5 au zaidi, kisu chembamba cha kupakia rangi, brashi ya waya, mafuta ya taa, tina (thinner) au petroli kidogo, matambaa safi yasiyotoa nyuzi, filta mpya, washa (pete ya kuziba) mpya ya nati ya kumwagia oili, gasketi ya streina, na silikoni ya injini, gundi ya kuziba maungio inayostahimili oili. Soma kiboksi cha silikoni. Ile ya vioo na masinki haifai kabisa, hata kama rangi inafanana. Nunua kila kitu kabla ya kufungua. Washa au gasketi ikikosekana madukani ikabidi iagizwe Kariakoo ije na basi, gari litabaki juu ya stendi siku nzima au zaidi.

Ardhi yetu ni mchanga. Stendi ikisimama juu ya mchanga mtupu huzama upande mmoja bila kukupa taarifa, kwa hiyo weka chini ya kila stendi kipande cha mbao nene au bati zito. Matofali ya saruji yasitumike hata kidogo, hupasuka ghafla. Weka magogo nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kisha litikise gari kwa mkono kabla ya kuingia.

Pasha injini dakika chache, zima, mwaga oili. Kwenye Corolla bomba la mbele la egzosi hupita chini ya sampu, kwa hiyo litoke kwanza. Nati zake ndizo zenye kutu kuliko zote: zipake mafuta ya kulainisha jioni iliyotangulia, na ikigoma ivute mbele na nyuma kidogo kidogo badala ya kuilazimisha, maana stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikikatika una kazi nyingine kubwa. Kwenye magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, krosmemba (chuma kinachokatiza chini ya injini) huziba sampu na inabidi injini inyanyuliwe kidogo kwenye maunti zake (raba zinazoishikilia). Hiyo mwachie mwenye winchi.

Fungua bolti za sampu zote, ukibakiza mbili za pande zinazotazamana zikiwa zimelegea, ili isikuangukie. Sampu haitashuka, silikoni ya zamani imeishika. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kuchomeka bisibisi na kukwanyua. Ukingo wa sampu hupinda, na mbaya zaidi, unachubua mwili wa pampu ya oili, ambao ni aluminiamu. Pitisha kisu chembamba kwenye maungio, kigonge polepole ukizunguka, mpaka ishuke yenyewe.

Iangalie oili iliyobaki ndani. Unga mwembamba wa chuma ni kawaida ya injini ya zamani. Vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki ni beringi, na hapo tatizo lako limeshakuwa kubwa kuliko kuvuja. Fungua streina, iloweke kwenye mafuta ya taa. Mara nyingi utakuta minyoo ya silikoni imekwama kwenye wavu. Hiyo ni kazi ya fundi aliyepita, aliyepaka nyingi akidhani nyingi ndiyo inazuia. Ziada ya ndani hukatika, huogelea, na huishia kwenye streina.

Sasa kusafisha, na hapa usihesabu muda. Ondoa silikoni yote ya zamani kwenye sampu na kwenye bloku. Kwenye sampu tumia brashi ya waya. Kwenye bloku na pampu tumia kisu kikiwa kimelazwa, maana mkwaruzo kwenye aluminiamu ni njia mpya ya oili. Weka sampu juu ya kioo au meza iliyonyooka: kuzunguka matundu ya bolti bati huwa limevutwa juu kwa kukazwa kupita kiasi. Ligonge lirudi kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma bapa. Sampu ilipobonyea, nyoosha kutokea ndani. Toboa kutu kwa ncha ya bisibisi. Ikipenya, tafuta sampu nyingine.

Mafuta ya taa huosha vizuri lakini huacha utando wa mafuta, na silikoni haishiki juu yake. Pangusa mara ya mwisho kwa tina au petroli kwenye kitambaa, mbali na moto wowote. Tatizo jingine ni bloku kuendelea kudondosha tone moja moja kwenye ukingo uliokwisha kuusafisha. Dawa yake ni kuiacha ichuruzike usiku kucha, kisha kupangusa tena dakika ileile unayofunga.

Rudisha streina na gasketi mpya. Kata mdomo wa tyubu upate mstari wa milimita 3 hadi 5, upitishe mfululizo kwenye ukingo wa sampu, upande wa ndani wa matundu ya bolti. Usisambaze kwa kidole. Ongeza tone kwenye maungio ya bloku na pampu, na ya bloku na kibebeo cha sili ya nyuma. Una kama dakika 5 kuipandisha kabla haijaanza kukaza juu. Ipandishe moja kwa moja, usiiburute.

Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kupishana, raundi mbili au tatu. Ni bolti za milimita 6, zinataka kama nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 8 tu. Ukikosa spana ya kupimia, shika racheti ndogo karibu na kichwa chake na utumie nguvu ya kiganja. Ukikaza kwa mpini mrefu utaua thredi za bloku au utapindisha tena ukingo ulioutengeneza.

Nati ya kumwagia oili ipate washa mpya, nyutoni mita 30 na zaidi kidogo. Acha silikoni ikauke saa zilizoandikwa kwenye tyubu. Usiku mmoja ni salama. Rudisha bomba la egzosi, weka filta, anza na oili lita 2 na nusu, kisha fuata stiki. Washa injini: taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima wewe. Baada ya kilomita kama 100 kagua kwa tochi, lakini usirudie kukaza bolti, utavunja silikoni iliyokwisha kushika.

Oili chafu iweke kwenye dumu lenye kifuniko. Mafundi seremala huichukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Isimwagwe mchangani, hasa kwenye mitaa inayoteka maji ya visima.